Kasi Ambayo Ndege Inaijua

Swali ninaloulizwa mara kwa mara na wanafunzi wangu wa fizikia, na pia na majirani tunapokaa nje jioni huku ndege zikipita juu ya Gongo la Mboto kuelekea Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, ni kwamba ile ndege inakwenda kasi gani. Siku hizi kila mwenye simu analo jibu, kwa sababu zipo programu zinazoonyesha ndege zilizo angani pamoja na kasi ya kila moja, na namba hiyo husomwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kumaliza ubishi. Maoni yangu ni kwamba namba hiyo, ingawa ni ya kweli, si ile inayoiweka ndege hewani. Namba ambayo rubani huishikilia anapotua, ukiilinganisha na ramani na saa, utaikuta si ya kweli kabisa, na hata hivyo ndiyo iliyo salama. Wengi hudhani ninafanya mzaha ninaposema hivyo, kwa hiyo nimeona niandike maelezo yake kwa ukamilifu.

Kasi yoyote ni kasi ya kitu kimoja kikilinganishwa na kingine. Nahodha wa mashua anayeingia mlango wa bandari ya Dar es Salaam wakati maji yanatoka kwa nguvu analijua jambo hili bila kufundishwa darasani: chombo chake kinaweza kuwa kinakata maji vizuri, povu likionekana omoni, na bado majengo ya ufukweni yakawa yanasogea kwa shida. Usukani wake unatii kwa sababu ya maji yanayopita kwenye ubao wake, si kwa sababu ya umbali anaoumaliza kuelekea gatini. Ndege nayo iko hivyo hivyo ndani ya hewa, isipokuwa kwamba hewa yake husafiri haraka kuliko mkondo wowote wa bahari.

Ushahidi wa jambo hili ulikuwapo tangu siku ya kwanza ya ndege yenye injini. Tarehe 17 Desemba 1903, kwenye mchanga wa North Carolina huko Marekani, Orville Wright aliruka kwa sekunde 12 na kwenda mita zisizofika 37. Ukigawanya, unapata kama kilomita 11 kwa saa, kasi ambayo kijana yeyote wa Jangwani angeishinda kwa mbio za kawaida. Lakini siku hiyo upepo ulikuwa unavuma usoni mwa ndege kwa kasi inayozidi kilomita 40 kwa saa, na kwa hiyo mabawa yalikuwa yanapitiwa na hewa kwa zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Orville na ndugu yake Wilbur walielewa vizuri sana walichokuwa wanakifanya, maana kwenye ndege yao walifunga kipima upepo na saa ya kusimamisha, ili baadaye waweze kujua umbali uliopimwa ndani ya hewa yenyewe.

Mfano wa upande wa pili ni wa juzi tu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020, ndege aina ya Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York na kufika London kwa saa 4 na dakika 56, ikiwa imebebwa na upepo mkali wa juu uliohusiana na dhoruba iliyoitwa Ciara. Kasi yake juu ya ardhi ilipita kilomita 1,300 kwa saa, na watu wengi mitandaoni wakaandika kwamba imevuka kasi ya sauti, ambayo kwenye kimo hicho ni kama kilomita 1,060 kwa saa. Haikuvuka chochote. Ndani ya hewa ilimokuwamo, ndege ile ilikuwa inakwenda mwendo wake wa siku zote, na abiria hawakuona tofauti yoyote ila kufika mapema.

Kwa sababu hiyo hiyo ndege hutua na kuruka zikiupa upepo uso. Katika miezi ya upepo wa kaskazi, ndege nyingi hutua Dar es Salaam zikitokea upande wa Pugu zikielekea mjini, na upepo wa kusi unapotawala huwa mara nyingi ni kinyume chake, zikiteremka juu ya jiji kuelekea Vingunguti na Kipawa. Upepo wa usoni wa kilomita 30 kwa saa ni kilomita 30 ambazo mabawa yanapewa bure na ambazo breki hazitalazimika kuziondoa.

Sasa, ikiwa kasi inayohitajika ni ya ndege ndani ya hewa, itapimwaje? Hewa haina alama za kilomita, na gurudumu halina cha kugusa. Jibu lilipatikana zaidi ya miaka 170 kabla ya ndege, na lilipatikana mtoni. Mwaka 1732 mhandisi Mfaransa Henri Pitot alitumbukiza katika mto Seine, mjini Paris, mrija uliopindwa chini ili mdomo wake utazamane na mkondo. Maji yaliingia mdomoni, yakakosa pa kutokea, yakasimama, na kwa kusimama huko yakapanda ndani ya mrija juu ya usawa wa mto. Kadiri mkondo ulivyokuwa na kasi, ndivyo maji yalivyopanda zaidi. Mkondo wa mita moja kwa sekunde huyainua maji sentimita tano hivi, na wa mita mbili kwa sekunde huyainua sentimita ishirini. Msomaji makini ataona kwamba kasi imeongezeka mara mbili lakini kimo kimeongezeka mara nne, na nitarudi kwenye jambo hilo muda si mrefu. Katika karne ya 19 Mfaransa mwingine, Henry Darcy, aliuboresha mrija huo, na marubani walipoanza kuhitaji kipimo, umbo lake lilikuwa tayari linawasubiri.

Kanuni ni kwamba hewa inayokutana na mdomo wa mrija na kulazimika kusimama huongeza mgandamizo wake. Mgandamizo huo wa ziada, ambao nitauita mgandamizo wa mwendo, ni sawa na nusu ya densiti ya hewa, yaani kilo za hewa zilizomo katika kila mita ya ujazo, ikizidishwa kwa kipeo cha pili cha kasi. Lakini mrija peke yake hautoshi, kwa sababu ndani yake umo pia mgandamizo wa kawaida wa hewa iliyotuzunguka sote, ule mgandamizo tuli, ambao ni mkubwa mara nyingi zaidi. Lazima kiwepo kipimo cha pili, cha hewa isiyosimamishwa wala kusukumwa, ili kitolewe katika cha kwanza, na kinachobaki ndicho mwendo.

Ili wanafunzi wasione haya kuwa ni maneno ya ubaoni, tulichukua mpira wa maji, ule mrija mwangavu ambao mafundi uashi huutumia kupimia leveli ya msingi, tukaukunja kwa umbo la herufi U kwenye kipande cha ubao, tukatia maji yenye rangi, kisha ncha moja tukaitoa nje ya gari dogo la mizigo la rafiki yangu, ikitazama mbele, naye akaendesha kwenye kipande kitupu cha barabara asubuhi ya Jumapili. Kwenye kilomita 20 kwa saa hakuna aliyeweza kuapa kwamba ameona kitu. Kwenye 40, maji yalipishana milimita saba hivi, unene wa kalamu. Kwenye 80, yalipishana karibu sentimita tatu. Hapo kile kipeo cha pili kilionekana kwa macho, na hoja ya pili ikajieleza yenyewe: kipimo cha namna hii ni kizembe sana kwenye mwendo mdogo na ni kikali kwenye mwendo mkubwa. Ndiyo maana kipimo cha kasi katika ndege hakisemi neno la kuaminika mpaka ndege iwe imekwisha kukimbia kiasi, na ndiyo maana marubani wakiwa bado kwenye njia ya kurukia hutamkiana namba moja, kwa ndege nyingi noti 80 au 100, kila mmoja akitazama kipimo chake, ili kuhakikisha kwamba viwili hivyo vinakubaliana kabla ya kuiacha ardhi. (Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.852 kwa saa.)

Jambo jingine ambalo gari lile lilitufundisha ni gumu zaidi. Ile ncha ya pili ya mpira, iliyotakiwa kuonja hewa tulivu, tuliiacha ndani ya gari, na kila tulipofungua au kufunga kioo cha upande, maji yalihama bila gari kubadili mwendo. Hewa ya kando ya chombo kinachokwenda si hewa tulivu hata kidogo. Mahali pengine imefinywa na mahali pengine imenyonywa. Wahandisi wa ndege hutumia muda mwingi kutafuta sehemu ya kiwiliwili ambayo mgandamizo wake unakaribiana na ule wa mbali, na kosa linalobaki hupimwa wakati wa majaribio na kuandikwa kwenye kitabu cha ndege au kuingizwa kwenye kompyuta yake.

Mtu anayepanda ndege ya pangaboi pale uwanjani, kwa kuwa hutembea kwa miguu hadi kwenye ngazi, anaweza kuviona vitu hivi kwa karibu akiangalia upande wa pua ya ndege. Mrija wa Pitot ni kijiti cha chuma cha urefu wa kiganja hivi, kimesimama juu ya kijiguu kinachokiweka mbali na bodi, mdomo wake mdogo ukitazama mbele. Mara nyingi ncha yake imebadilika rangi, hudhurungi ikiingia kwenye buluu, kwa sababu ya umeme unaoipasha moto ili barafu isiingie ndani. Matundu ya mgandamizo tuli hayana umbo la kuvutia: ni kisahani bapa kilicholingana na bodi, chenye vitobo vinavyotosha ncha ya kalamu, kimezungushiwa mstari wa rangi na maneno ya kuonya kwamba kisipakwe rangi wala kuzibwa. Ndani ya kipimo cha zamani, ambacho bado kimo katika ndege nyingi ndogo, mna kifuko cha bati jembamba lenye mikunjo. Hewa ya mrija huingia ndani ya kifuko, hewa ya matundu huingia kwenye kasha linalokizunguka, na kifuko kikivimba husukuma vijiti na meno madogo yanayozungusha mshale. Hakuna injini wala umeme, na kwa maoni yangu ni moja ya mashine nzuri kuliko zote zilizowahi kutengenezwa na binadamu, ingawa najua wapo watakaoniambia kwamba sijaona nyingi.

Nguvu zenyewe zinazopimwa ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ndege ya abiria inayotua kwa noti 130, kama kilomita 240 kwa saa, inazalisha mdomoni mwa mrija mgandamizo wa mwendo unaoweza kuinua maji sentimita 28 tu kwenye ule mpira wetu wa fundi. Urefu wa rula ya shule haufiki, na juu ya hizo sentimita ndipo hukaa uamuzi wa kama tani sitini zitaendelea kuelea au la.

Hapa ndipo tunafika kwenye kiini cha jambo. Kipimo hiki hakipimi kasi. Kinapima mgandamizo wa mwendo, na aliyechora uso wake aliandika noti badala ya mgandamizo kwa kudhani kwamba hewa ina densiti moja tu, ile ya usawa wa bahari kwenye nyuzijoto 15, kilo 1.225 kwa kila mita ya ujazo. Ndege ikipanda, hewa inapungua uzito, na mrija unahitaji kasi kubwa zaidi ili upigwe kwa nguvu ile ile. Kwenye kimo cha futi 10,000, ndege ambayo kipimo chake kinasoma noti 100 kwa kweli inapita hewani kwa noti 116. Kasi inayosomeka na kasi halisi zimeachana, na kadiri unavyopanda ndivyo zinavyozidi kuachana.

Mwanafunzi mwerevu huuliza kwa nini kosa kubwa namna hiyo limeachwa muda wote huu wakati linaweza kusahihishwa kwa hesabu ya dakika moja. Limeachwa kwa sababu bawa linafanya kosa hilo hilo. Nguvu inayoinyanyua ndege hutokana na nusu ya densiti mara kipeo cha pili cha kasi, kisha eneo la bawa na pembe yake vikaingia. Yaani nguvu hiyo huzaliwa na mgandamizo ule ule wa mwendo unaoupiga mrija. Bawa halijui kilomita. Kwa hiyo kasi ambayo chini yake bawa linaacha kushika hewa na ndege kuanza kuporomoka, kwa uzito ule ule na flapu zile zile (vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua), ni karibu namba moja kwenye kipimo, iwe ndege iko juu ya Kigamboni au juu ya Ngorongoro. Kwenye Cessna 172 ya kufundishia, utepe wa kijani uliochorwa kwenye uso wa kipimo kuonyesha kasi za kawaida za kuruka unaanzia noti 48 au karibu na hapo, kutegemea toleo, na hakuna haja ya kuuchora upya ukihamia Arusha. Ukisahihisha kipimo ili kiseme kasi halisi, utamlazimisha rubani kukumbuka kasi tofauti ya kuanguka kwa kila kimo na kila nyuzijoto, na baadhi yao wangesahau.

Pamoja na hayo, ardhi nayo ina madai yake. Chukua ndege inayotakiwa kutua kwa noti 130 kwenye kipimo, siku ya utulivu isiyo na upepo, joto likiwa nyuzi 30. Dar es Salaam, karibu na usawa wa bahari, noti hizo 130 ni noti 133 halisi. Dodoma, kwenye kimo kinachozidi mita 1,100, joto likiwa lile lile, zinakuwa karibu noti 143. Rubani ameona namba moja kwenye viwanja vyote viwili, bawa limejisikia vile vile, lakini magurudumu ya Dodoma yamegusa lami yakiwa na mwendo wa ziada wa kama kilomita 17 kwa saa. Kwa kuwa nishati ya mwendo huongezeka kwa kipeo cha pili, breki zinapaswa kumeza nishati ya ziada ya karibu asilimia 14. Ndege inapoondoka hali ni ile ile kwa upande wa pili: inahitaji kukimbia zaidi ili kipimo kifikie namba yake, na inakimbia kwa injini zinazovuta hewa nyepesi. Ndiyo sababu viwanja vya nyanda za juu hudai njia ndefu, na ndiyo sababu abiria wa alasiri ya joto wakati mwingine huambiwa mizigo yao itafuata kesho. Wengi hulichukulia kuwa ni uzembe wa shirika, na huenda siku nyingine ni uzembe kweli, lakini siku nyingine ni densiti.

Kati ya kasi inayosomeka na kasi halisi wataalamu huweka vituo viwili vya katikati, navyo nitavipita haraka. Kasi inayosomeka ikiondolewa kosa la kifaa na lile la mahali pa matundu, inakuwa kasi iliyosahihishwa. Hiyo nayo ikiondolewa kosa linalotokana na hewa kufinywa mdomoni mwa mrija kwenye mwendo mkubwa, inakuwa kasi sawia, ambayo ndiyo wahandisi huitumia kupiga hesabu za nguvu zinazolibana bawa. Kisha ukiingiza densiti unapata kasi halisi, na ukiingiza upepo unapata kasi ya ardhini. Kwa ndege ndogo ya kwenda Zanzibar tofauti ya vituo hivyo viwili vya katikati haitoshi kumsumbua mtu. Kwa ndege kubwa iliyo futi 35,000, ikienda kwa asilimia 85 ya kasi ya sauti katika hewa ya kawaida, kasi halisi ni noti 490, kama kilomita 907 kwa saa, kasi iliyosahihishwa ni karibu noti 290, na kasi sawia ni karibu 273. Ni ndege moja, sekunde moja, na hakuna anayedanganya.

Huko juu hata ile namba ya mgandamizo haitoshi tena. Hewa ikikaribia kasi ya sauti juu ya mgongo wa bawa, huanza kujikunja kwa mawimbi ya mshtuko, bawa hutetemeka na usukani hubadilika tabia, na mpaka huo haufuati mgandamizo bali hufuata uwiano wa kasi ya ndege na kasi ya sauti, uwiano uliopewa jina la mwanafizikia wa Austria, Ernst Mach. Kasi ya sauti nayo hutegemea joto peke yake: Dar es Salaam kwenye nyuzi 30 ni kama mita 349 kwa sekunde, na kwenye futi 35,000, ambako joto la kawaida ni nyuzi 54 chini ya sifuri, ni mita 296 au 297. Kwa hiyo ndege inayopanda huanza kwa kushikilia namba ya kipimo cha kawaida, na ikifika kimo fulani huiacha na kushikilia namba ya Mach. Ndege ya upelelezi ya Kimarekani ya U-2, iliyojengwa kuruka zaidi ya futi 70,000, ilikuwa na pengo la noti chache tu kati ya kasi ambayo ikipungua itaporomoka na ile ambayo ikizidi itaanza kutetemeka.

Uzuri wa mfumo huu, kwamba hautegemei kitu chochote isipokuwa tundu lililo wazi, ndio pia udhaifu wake. Tarehe 6 Februari 1996 Boeing 757 ya shirika la Birgenair iliondoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, ikiwa imeegeshwa kwa siku nyingi. Wachunguzi walifikia kwamba mrija wa upande wa nahodha ulikuwa umezibwa, na mtuhumiwa mkuu ni nyigu wa aina ile inayojenga kwa udongo. Fikiria kinachotokea: hewa ya ndani ya mrija imefungiwa na mgandamizo wake haubadiliki, huku mgandamizo tuli ukipungua kadiri ndege inavyopanda. Tofauti inaongezeka, na kipimo kinasema kwamba ndege inazidi kukimbia wakati inazidi kupoteza mwendo. Nahodha aliona tangu kwenye njia ya kurukia kwamba kipimo chake hakifanyi kazi, akaendelea. Pua ilizidi kuinuliwa ili kupunguza kasi isiyokuwapo, na watu 189 walikufa.

Mwezi Oktoba mwaka huo huo, karibu na Lima, Peru, 757 nyingine yenye watu 70 ilianguka baharini usiku kwa sababu matundu ya mgandamizo tuli yalikuwa yameachwa yamefunikwa kwa utepe wa kubandika baada ya ndege kuoshwa. Na tarehe 1 Juni 2009, Airbus A330 ya Air France iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilikutana na chembe za barafu zilizoziba mirija kwa muda usiozidi dakika moja. Mfumo unaoiendesha ndege yenyewe ulijitoa, pua ikainuliwa kupita kiasi, na bawa likaacha kushika hewa. Jambo ninaloliona la kusikitisha zaidi katika ripoti ile ni kwamba kompyuta ilikuwa imepangwa kuyakataa maelezo ya pembe ya bawa pindi kasi inayosomeka ikishuka chini ya noti 60, ikidhani kwamba ndege yenye kasi hiyo haiwezi kuwa angani. Hivyo onyo la kuanguka lilinyamaza hali ilipozidi kuwa mbaya, na likarudi pale rubani alipoanza kuishusha pua, yaani alipofanya jambo lililo sahihi. Ndege ilifika baharini dakika nne na sekunde kama ishirini baada ya tatizo kuanza, na watu wote 228 walipotea.

Mtu atauliza kwa nini tusiachane na mirija na kutumia setilaiti, ambazo hazina mdomo wa kuzibwa. Setilaiti zinaijua ardhi, hazimjui upepo. Mpokeaji wa ishara zao anaweza kumwambia rubani kwa uhakika mkubwa kwamba anasogea juu ya Morogoro kwa noti 250, lakini hawezi kumwambia ni ngapi kati ya hizo zimeletwa na upepo wa nyuma, ambao bawa haliutumii. Kwa kweli mambo huenda kinyume: kompyuta ya ndege huchukua kasi halisi kutoka kwenye mirija na kipima joto, huilinganisha na kasi ya ardhini, na kwa tofauti hiyo hupata upepo, na vipimo hivyo vya upepo hutumwa kwa watabiri wa hali ya hewa.

Hata hivyo mirija ikifa yote, kasi ya ardhini ni bora kuliko giza. Tarehe 18 Julai 2018, A330 ya Malaysia Airlines iliruka kutoka Brisbane, Australia, mirija yake yote mitatu ikiwa bado imevaa vifuniko vya kitambaa, ambavyo huvalishwa pale kwa sababu nyigu wa uwanja ule huweza kujenga ndani ya mrija kwa muda mfupi sana ndege ikiwa imeegeshwa. Mafundi na rubani waliozunguka ndege kabla ya safari hawakuviona au hawakuviondoa. Wakiwa angani, marubani walizima mifumo ya vipimo vya hewa, na skrini zikawapa badala yake mizani ya dharura iliyojengwa kwa pembe ambayo hewa inalikuta bawa, yenye kijani pa kukaa na nyekundu pa kukimbia, bila noti hata moja. Waongoza ndege waliwasomea kasi ya ardhini. Ndege ilirudi na kutua Brisbane, na hakuna aliyeumia.